Noti Nilizoshona Kwenye Koti

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijaifuta. Uliponiambia jana kwamba visa yako imetoka, na kwamba unauza ile ploti ya Kambu ili uhame na pesa zako, siku hiyo ilinirudia nzima, hadi harufu ya wino wa mihuri. Kaa nikuambie. Chai ipo, na mimi siendi popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, muuguzi katika hospitali ya misheni pale Mutomo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaniachia binti mmoja, Mwende, wa miaka minne, na duka dogo la mabati na misumari kule Sultan Hamud. Nikapata kazi Kanada. Nililiuza duka, nikaongeza akiba yangu ya miaka saba ya kuosha vidonda na kukesha wodini, kisha asubuhi moja nikasimama mbele ya karani wa benki mjini Machakos, viatu vyangu vyekundu kwa vumbi, nikamwambia nataka pesa zangu zote zinifuate huko niendako.

Nyinyi mmekulia wakati mwingine. Siku hizo hukuweza kuvusha pesa mpakani kwa kupenda kwako. Serikali ilizilinda kama watu wanavyolinda kisima wakati wa ukame, kila debe kwa ruhusa. Karani alikuwa kijana mpole. Alinisogezea karatasi nyingi.

"Sista, hizi ni fomu za mtu anayehama," akasema. "Jaza zote, lete barua ya kazi, lete na ile ya kodi. Tutazipeleka Nairobi. Wakikubali utatumiwa sehemu ya kwanza. Ile nyingine itabaki hapa, iwe ikitolewa kidogo kidogo."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu. Pengine minne."

"Mimi naondoka baada ya wiki sita."

"Basi wewe enda tu. Pesa itakufuata. Andika hapa jina la mtu wa kufuatilia."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Jasho langu, pesa ya marehemu, halafu niombe ruhusa ya kuzishika? Nilizikunja zile fomu nikazitia mkobani, nikatoka bila hata kuaga. Kiburi, mwanangu, ukiwa nacho hukioni. Unadhani ni haki yako tu inakuuma.

Nyumbani nilimweleza baba. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, aliyewahi kwenda vita vya Wazungu kule Burma na kurudi na medali aliyoivaa siku za sherehe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Jaza hizo karatasi," akasema. "Kawia ufike."

"Baba, wewe hujui mambo ya benki."

Nilidhani atanikemea, lakini aliinamisha kichwa akaendelea kushona kamba ya kiatu chake. Namshukuru Mungu kwa mengi, ila ningemshukuru zaidi kama siku hiyo ulimi wangu ungekauka.

Mwenye kuniambia nilichotaka kusikia alikuwa shemeji yangu Kimeu, ndugu wa marehemu, mfanyabiashara wa pale Sultan Hamud. Usimhukumu. Alinipenda, na alisema alichoamini. "Toa zote, ubebe," akaniambia. "Kanada kuna benki kila kona. Pesa ni pesa. Nani atakupapasa, mama wa kanisa kama wewe?"

Nikazitoa. Nilinunua koti zito la mitumba, nikafungua bitana yake, nikazipanga zile noti mgongoni na pindoni, kisha nikashona kwa mishono midogo ile niliyofunzwa ya kufunga vidonda. Ilikuwa kazi nzuri. Hata leo ningeionea fahari kama isingekuwa uovu.

Jumapili ya mwisho kanisa liliniombea. Wazee waliniwekea mikono kichwani, wakamwambia Mungu anilinde kwa kuwa mimi ni mtumishi wake mwaminifu. Nilifumba macho nikasema amina. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja wa ndege, afisa aliniuliza kama nimebeba pesa ya Kenya. Nikasema, "Sina, ila ya chai tu." Mwende alikuwa nje na mama yangu, amevaa gauni la manjano, akinipungia mkono. Nilimwahidi kwamba kabla ya mvua mbili kunyesha atakuwa na mimi. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga: idara ya uhamiaji ya huko ilitaka nionyeshe akiba ya kutosha ya kumlea mtoto, na mimi niliamini nimeivaa mwilini.

Wiki ya kwanza Kanada niliingia benki nikiwa na bahasha. Yule mama wa kaunta alizishika noti zangu kwa vidole viwili, akafungua kitabu chenye orodha ya pesa za nchi nyingi, akapitisha kalamu kutoka juu hadi chini. Akatikisa kichwa. Hizi hatununui, akasema, wala hakusema kwa ubaya. Nilikwenda benki ya pili, nikaenda ya tatu. Mahali pengine mtu mmoja alikubali kuzichukua kwa chini ya robo ya thamani yake, nikaondoka nikilia barabarani, machozi yakiganda kwa baridi. Pesa zetu, mwanangu, zilikuwa na nguvu nyumbani tu. Pale hazikuweza kuninunulia hata soksi.

Kurudi sikuweza. Nauli nilikuwa nimelipiwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Kuzituma kwa posta niliogopa, kuzitupa moyo ulikataa. Zikabaki katika koti, koti likabaki kabatini. Mshahara wangu ulikatwa nauli, ukalipa chumba na mafuta ya kupashia joto, na kidogo kilichobaki nilikituma kwa mama cha kumlisha mtoto. Akiba ya kuonyesha ofisi ile haikufika. Mvua mbili zikapita, na nyingine mbili, na nyingine. Nilikuwa nikiwaogesha wazee wa watu wengine huku binti yangu akiota meno mapya bila mimi.

Mkataba ulipoisha nilirudi nyumbani kwa mwezi mmoja. Nilikuja na lile koti. Nilipofika meza ya forodha uwanjani, swali likawa lile lile, na safari hii nilikuwa nimechoka. Niliomba mkasi, nikafumua mishono yangu mbele ya afisa, nikamwambia zilitoka vipi. Walizichukua zote, wakaniandikisha maelezo, wakaniacha niende kwa onyo. Sikudai. Sheria ilikuwa upande wao, na mimi nilikuwa nimesema uongo katika uwanja huo huo.

Lakini hilo halikuwa pigo lenyewe. Pigo lilikuwa mlangoni kwetu. Mama yangu alitoka akilia kwa furaha, na nyuma ya leso yake alikuwa msichana mrefu wa miaka saba, ameshika pindo. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Akanipa mkono kwa adabu, jinsi alivyofunzwa kusalimu wageni, akasema, "Karibu, auntie." Kisha akamgeukia mama yangu: "Mama, nilete kiti?"

Siku ya pili nilimfuata baba mtoni. Mto wetu hauna maji juu, unajua; unachimba mchanga hadi yatokeze. Alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, akichota kwa kibuyu, mimi nikipokea na kuwamiminia mbuzi. Nikamwambia yote, la koti, la benki tatu, la uwanja wa ndege. Alichota kibuyu kingine, akaninyoshea.

"Vita vilipoisha," akasema, "kabla hatujapanda meli, tuliambiwa kila mtu alete rupia zake za Kihindi zibadilishwe, ziandikwe. Niliogopa watanikata sehemu ya pesa. Nikazificha ndani ya soksi. Nikafika nazo Mombasa, nikafika nazo Kitui, hakuna aliyezitaka. Zilikuwa mahari ya mamako. Nilingoja miaka miwili zaidi ndipo nikamwoa, na nusura aolewe na mwingine."

Kibuyu kiliniponyoka. "Baba! Mbona hukuniambia siku ile?"

"Aibu," akasema. "Mzee wa kanisa, mtu wa medali. Nilikwambia ngoja, basi. Kama mtu anayemwambia mwenzake asipite hapa, na hamwambii kuna shimo." Akaniangalia kutoka kule chini, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kosa lako ni lako. Lakini nusu yake nilikuzalia mimi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndiyo maana leo nakuvulia koti langu, ingawa wewe, uliyekulia kanisani kwetu, wanijua kama mama wa kanisa mwenye kuongoza maombi, na pengine kesho utaniona mdogo. Afadhali unione mdogo.

Nilirudi Kanada nikaanza upya, senti kwa senti, kila karatasi kwa njia yake. Baada ya mwaka na miezi kadhaa Mwende aliruhusiwa kunifuata. Alikuwa anaelekea miaka tisa. Siku ya kumchukua, mama yangu hakulia mbele yake. Alimfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa hiyo nilirarua mara mbili, mwanangu: kwanza nilimnyima mtoto mama, kisha nikamnyima mama yangu mtoto. Mwende alikua vizuri, baadaye tukarejea nyumbani, ana watoto wake sasa, ananiita Mama na ananiheshimu. Ila akishikwa na homa kali, akianza kuweweseka, jina linalomtoka ni Susu, yaani nyanya, yule aliyemwita Mama kwanza. Huwa namfuta jasho tu.

Siku hizi masharti yale yameondolewa. Utaingia benki asubuhi, utajaza fomu moja, na pesa zitavuka bahari kabla wewe hujafunga sanduku. Hata hivyo watakuwepo akina Kimeu, watu wema, watakaokuambia kuna rafiki wa rafiki mwenye bei nzuri kuliko benki. Usiwape. Kabla hujauza ile ploti, uliza huko unakokwenda wanapokea pesa gani, na kwa karatasi zipi. Peleka kwa jina lako, weka risiti, na ukiambiwa ngoja, ngoja. Usiweke mezani ahadi ya mtoto kabla hujaona cha kuitimizia. Na ukikosea, maana utakosea, usilifiche kosa likaozea kabatini. Andika barua nyumbani mapema, tusaidiane kubeba. Ukizeeka, waambie wanao palipo na shimo.

Mungu wa baba yangu akufungulie milango ya halali, na aufumbe macho moyo wako mbele ya ile mingine. Akupe subira ya kukaa kwenye foleni. Ufike mzima, wewe na jasho lako, na watoto wako wakikimbilia mlangoni, wakuite mzazi wao, si mgeni.