Koti la Siku za Mwisho

Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa na majibu mawili kwa mteja yeyote aliyeulizia nguo yake: umeme ulikatika, au mwisho umekaribia. Suruali yangu ya kijivu iliangukia jibu la pili. "Kwa hali ilivyo kule Uarabuni," aliniambia akinitazama juu ya miwani, "wewe bado unahangaika na suruali?"

Ukutani alibandika ramani ya nchi za Kiislamu aliyoikata gazetini. Rais akipinduliwa, anachoma pini. Waandamanaji wakichoma matairi, pini nyingine. Redio ikitaja mji, anasimamisha mguu kwenye pedali na kutafuta ni nabii gani aliyeusema. Alikuwa pia na mfalme wake wa kaskazini, yule wa kwenye unabii. Kila mtawala aliyempa cheo hicho aking'olewa, alimpa mwingine bila haya.

"Shemeji, huyo mfalme wa kaskazini mwaka juzi si alikuwa wa mashariki?" aliuliza mume wa dada yake, Mwislamu, anayeshona viatu mlango wa pili.

"Amehama."

"Na mimi je, siku hiyo nitachomwa?"

"Wewe nitakuombea. Viatu vyangu atashona nani?"

Wakacheka, wakagawana chai. Ndivyo walivyozoeana.

Sasa, mtoto wa huyo shemeji alikuwa fundi bomba katika mmoja wa miji ile ya pini. Alitarajiwa kurudi kuoa, na kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia mjomba wake vipimo na kitambaa cha koti la harusi. Kitambaa kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Asubuhi moja redio ikasema waasi wameingia mji huo na simu hazipatikani.

Nilikuwepo, nimefuata suruali. Mji huo ndio fundi aliousubiri kuliko yote, maana alisema nabii ameutaja kwa jina, kwamba utakuwa magofu. Nikajiandaa kusikiliza mahubiri. Badala yake alizima redio. Akaing'oa pini ya mji ule, akatoa kitambaa mfukoni, na pini ileile akabania mkono wa koti.

"Baba, usiwe na haraka," alisema. Hakuwa akiniambia mimi; macho yake yalikuwa juu, kwenye bati.

Alishona siku nzima, na siku zilizofuata. Shemeji alihamia kwenye benchi la fundi, akaacha viatu vya watu, akawa anabonyeza simu tu. Unabii haukutajwa tena. Nilimpenda sana fundi siku zile, nasema wazi, ingawa suruali yangu haikuguswa. Koti lilipokwisha alilipiga pasi na kulitundika mbele ya ramani, harusi yenyewe ikiwa bado mbali.

Lilikuwa limetundikwa hapo simu ilipoita. Shemeji aliipokea, akaweka spika. Kijana alikuwa mzima, amevuka mpaka, ana njaa. Baba yake akamsogezea fundi simu.

"Mjomba, koti langu umelianza?"

"Limeisha."

"Limeisha kabisa? Na vifungo?"

"Na vifungo."

"Mjomba," kijana akauliza kwa sauti ya chini, "kwani ndo mwisho wa dunia?"

Fundi alivua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Bado," akasema. "Njoo ulijaribu."