Kompyuta Ishirini za Daktari Wakoli

Wakoli alipoanza kazi katika kiwanda cha mbegu mjini Kitale, mwaka 2001, kompyuta yake ilijaa vumbi la mahindi hadi ndani. Wakulima wa Saboti waliingia ofisini na matope yao, naye akawaonyesha mizigo yao kwenye skrini. "Hii ni jembe tu, bana," aliwaambia. Mimi Bilha, karani wake, nilimwamini.

Kisha akapata udaktari wa sayansi ya kompyuta, na mwaka 2007 chuo kimoja kikamfanya kaimu mkuu wa tawi lake la Bungoma. Nikahama naye. Cheo kikampanda kichwani. Kompyuta ishirini mpya zilipofika, aliziacha ndani ya nailoni, akatundika mapazia, akaamuru viatu vivuliwe mlangoni. Viatu vya nani, sijui, maana mlango wenyewe aliufunga. Alikuwa akingoja wakaguzi kutoka Nairobi: wakiidhinisha kozi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangehitimu, naye angethibitishwa kuwa mkuu. Wakati huo wote alifundishia ubaoni, na alifundisha vizuri, jeuri yule, lazima niseme.

Wakaguzi walikuja, wakasimama na soksi zao, nyingine zimetoboka. Mama mmoja kati yao akamwomba mwanafunzi aitwaye Nasimiyu aandike programu ndogo. Msichana alitazama daftari lake, akatafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Programu ikakubali mara ya kwanza.

"Mnatumia hizi kompyuta mara ngapi?" mama akauliza.

Nasimiyu alimtazama Wakoli. "Kila siku, madam."

Wakoli aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, na sote tungeenda kula kuku.

"Anadanganya kwa sababu yangu," akasema. "Hajawahi kuzigusa. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."

Kozi ikasimamishwa mwaka mzima, na cheo akapewa mtu mwingine. Wakoli akabaki mwalimu wa kawaida. Mimi niliyekuwa nikimcheka miaka yote nilimwonea fahari hata nikalia, nikaenda kumwambia Nasimiyu kwamba daktari amefanya jambo kubwa.

Alikuwa anafunga virago kurudi Misikhu, ambako baba yake alishaalika watu kwa mahafali.

"Ati ameungama. Sawa," akasema bila kuinua macho. "Na mimi nitaambia nini watu wa nyumbani? Si angetufungulia tu mlango, mama."