Mwizi Aliyetafuna Kahawa

Miaka ile Mwingereza bado yupo, ukipita kijijini kwetu Kishanda Jumamosi asubuhi na kukuta watoto thelathini wamekaa kimya uani kwa mwalimu Kokushubila, usiulize nani kafa. Mwalimu anasoma hadithi ya wizi.

Alikuwa mjane, anafundisha darasa la pili, na hadithi zake aliziandika kwenye madaftari ya shule kabla kengele haijalia. Alikuwa na mtindo wake: sura ya mwisho haandiki mpaka watoto wamejaribu kumtaja mwizi. Wote wakimjua, anakasirika kwelikweli, anachana kurasa, anaanza upya.

"Mwizi anayejulikana na kila mtu si mwizi," alikuwa akisema. "Ni mjinga tu."

Hadithi iliyowashinda ni ya ngoma ya ukoo iliyoibwa. Wiki tatu walitaja watu, wakagombana, wakanuniana. Mwishoni binti mmoja wa hadithini, Joviana, anawaita wote wanaoshukiwa na kuwapitishia kijikapu cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyokaribishwa kwetu. Wote wanachukua. Mmoja anasema jino linamuuma. Basi, ndiye huyo! Bibi yake Kokushubila alimfundisha tangu utotoni kwamba mtu aliyekudhulumu hawezi kutafuna kahawa yako, mate yanamkauka. Siku aliyosoma sura hiyo, watoto walipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Kokushubila alitaka kitu kimoja tu: hadithi ile iwe kitabu, na jina lake liwe juu ya jalada. Mjini Bukoba alikuwako Byabato, mtoto wa mama yake mdogo, karani mwenye taipureta yake mwenyewe. Mama yake Byabato alipofariki, ni Kokushubila aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Sasa amtafute nani mwingine? Alifunga madaftari manne kwenye kanga, akapanda basi, akampelekea kwa mkono wake.

"Dada, niachie mimi," Byabato alisema. "Nitaipiga taipu, niwatumie wachapishaji Nairobi."

Mwaka ulipita, ikaja barua. Wachapishaji wamesema haifai, watoto hawataielewa. Madaftari nayo yamepotelea hukohuko. Pole sana, dada.

Aliamini. Kwa nini asiamini? Jumamosi iliyofuata aliwaambia watoto warudi wakawasaidie mama zao kuanika kahawa, na hakuandika tena. Miaka miwili! Ninapofikiria miaka hiyo miwili nasikia hasira hata leo.

Kisha shule ikapokea sanduku la vitabu vipya. Anatolia, aliyekuwa mmoja wa watoto wale wa uani, alifungua kimoja, akasoma ukurasa, akaja mbio.

"Mwalimu! Ni ile ngoma yetu! Na Joviana yumo!"

Mwalimu alikichukua. Maneno yalikuwa yake, hata nukta hazikuhamishwa. Kwenye jalada waliandika: Kimetungwa na P. Byabato. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, lakini huyu alikuwa mgongoni kabisa.

Hakumwandikia barua. Alingoja Krismasi, kwa kuwa Byabato hakosi kuja kula ndizi za nyumbani. Akaja, amevaa viatu vipya, anacheka. Kokushubila alimkaribisha, akaleta kijikapu cha kahawa, akakishika mbele yake kwa mikono miwili. Alikuwa anaomba, jamani, anamwomba Mungu kwamba Byabato aseme jino linamuuma. Akikataa, basi ana aibu, na mwenye aibu unaweza kumsamehe.

Byabato alichota. Akatafuna. Akafumba macho kwa utamu.

"Kahawa ya kwetu haina mfano, dada. Hebu niongeze."

Kokushubila aliweka kijikapu chini, akaweka kitabu kando yake. Byabato alikitazama, akaendelea kutafuna.

"Aa, umekiona. Sasa dada, mwanamke wa Kishanda, nani angemchapishia kitabu? Mimi wananijua. Hadithi yenyewe ya watoto tu. Si wanaisoma? Ulitaka nini zaidi?"

"Jina langu," Kokushubila alisema.

Byabato alicheka, akanyoosha mkono, akachota tena.

Jumamosi iliyofuata watoto waliitwa uani, wa zamani na wadogo zao. Mwalimu alikuwa na daftari jipya, na juu yake, kabla ya neno lolote, ameandika kwa herufi kubwa: KOKUSHUBILA. Aliwaambia sura ya mwisho ya hadithi ya ngoma imebadilika. Akasoma. Joviana anapitisha kijikapu, watu wote wanachukua. Mwizi naye anachukua, anatafuna, anasifu kahawa, anaomba nyingine, anakwenda zake.

Uani palizuka ghasia.

"Umekosea, mwalimu!" Anatolia alisema, machozi yakimlenga. "Mwizi hawezi kutafuna! Wewe mwenyewe ulituambia!"

"Niliambiwa hivyo hata mimi," Kokushubila alisema.

"Si haki!"

"Kweli kabisa, mwanangu. Si haki." Akafunga daftari, akawapa wote ruhusa ya kwenda nyumbani.