Joash Ogola na Senti Kumi Isiyo na Tundu

Kama uliishi landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Nakuru mwaka wa hamsini na sita, ulimjua Joash Ogola utake usitake. Kazi yake, kama yangu, ilikuwa kusugua masizi kwenye magarimoshi. Lakini jioni akishanawa, alivaa shati jeupe, akaning'iniza lenzi kifuani kwa kamba ya kiatu, akakaa mlangoni kwake kama daktari, na watu wakamwita Fundi. Lenzi yenyewe alipewa na mzungu mmoja wa Molo, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji, aliyekuwa akinunua pesa zilizokosewa kiwandani. Kila Jumamosi mzungu huyo alikaa nje ya hoteli karibu na stesheni, na Joash, kwa Kiingereza chake cha darasa la sita, alikuwa mkalimani wake. Pesa ambayo Joash hakuipitisha, mzungu hakuiona.

Basi maringo! Watu walimletea shilingi zilizokanyagwa na treni, simba amelala bapa kama chapati, naye akacheka kwa pua. "Hii imeumia, haikuzaliwa hivi. Kosa la kiwandani pesa hutoka nalo huko huko. Nenda kanunue sukari." Hapo, nisimnyime haki yake, alisema kweli. Kemboi wa stoo alilaza shilingi nzima relini, kisha akaja kuapa kwamba alirudishiwa hivyo dukani. Mjinga! Kilichoniudhi ni kwamba Joash alifika mahali pa kuamini kuwa landi nzima ni waongo, mkweli ni yeye na lenzi yake.

Ndipo akaja Nasimiyu. Mumewe, mchochea makaa, alikuwa amekufa mwezi wa tatu, na reli ilimtaka aondoke kwenye nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Huko Bungoma shemeji yake alishaandika barua kwamba anamngoja amrithi. Nasimiyu hakumtaka mtu yule hata kwa dawa. Kulikuwa na fundi nguo Bondeni akiuza cherehani kuukuu kwa shilingi mia na ishirini. Akiipata, atapanga chumba, atashona, atamlea binti yake Milcah mwenyewe.

Aliuza uji getini, na kama akina mama wote wa pale, alitunga senti kumi zake kwenye kamba ya katani kwa yale matundu ya katikati. Siku hiyo, moja ya senti hizo ilikataa kuingia. Maandishi yote yapo, pembe za ndovu zipo, lakini tundu hakuna. Na mzungu alikuwa ametangaza kwamba pesa ya namna hiyo atailipia shilingi mia na hamsini.

Joash aliitazama kidogo tu. "Imezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Nani amekufundisha ujanja huu, Mama Milcah?"

"Fundi, naapa kwa kaburi la mume wangu. Iangalie vizuri."

"Iangushe kwenye jiwe tusikie mlio," nikamwambia. "Ipime na nyingine."

"Wewe sugua masizi!"

Watu walishajaa, naye alitaka kumwaibisha mjane mbele yao. Akaingia ndani, akatoka na drili ya mkono aliyoazima karakana. "Risasi itatoka nyeupe, mtaona." Nasimiyu akapiga kelele, akamshika mkono, akasukumwa. Drili ikazunguka. Ukatoka unga wa shaba, mwekundu, shaba tupu mpaka upande wa pili. Risasi hata chembe.

Joash akapangusa ile pesa kwenye shati lake jeupe, akamrudishia. "Haya, sasa itaingia kwenye kamba," akasema, akacheka peke yake.

Jumamosi Nasimiyu aliipeleka hivyo hivyo, maana hakuwa na lingine la kufanya. Nilimsindikiza. Mzungu aliishika kwenye mwanga, akafura, akauliza kitu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hicho nilikielewa: alitaka kujua nani ametoboa. Na Joash Ogola, mbele ya macho yangu, akamnyooshea Nasimiyu kidole, akajibu kwamba ni huyu mwanamke mwenyewe, alitaka kuivaa shingoni.

Mzungu akatikisa kichwa, akairudisha. Joash akamgeukia Nasimiyu kwa Kiswahili, sauti laini: "Nimemwomba sana, mama. Amekataa."

Nasimiyu, ambaye Kiingereza hakukijua, akampa mikono yote miwili. "Asante, Fundi. Wewe angalau umenitetea."

Mdomo huu unaomtukana Joash leo ulikuwepo pale, hatua mbili tu, nao haukufunguka. Nilimwogopa mzungu, niliogopa fujo, sijui niliogopa nini. Jumatatu niliwabebea yeye na Milcah masanduku hadi kwenye treni ya Bungoma, na kupitia dirishani Nasimiyu akaniambia nimsalimie Joash.