Mwarabu wa Vitambaa

Hapa Kiomboi tunamwita Mwarabu, ingawa Uarabuni hajafika hata kwa ndoto, na akipima vitambaa anahesabu kwa Kinyiramba. Rula ya mita anakunia mgongo. Kitambaa anakipima kwa mkono, toka puani hadi ncha ya kidole, na pua yenyewe huisogeza apendavyo. Juzi binti yake alipiga simu kutoka Kanada: "Baba, jaza fomu uje. Huku hakuna atakayekuita Mwarabu." Kabla hajajibu, mtani wake Dorika akaingia dukani: "We Mwarabu, bado hujafa tugawane duka?" Mwarabu akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Umesikia, mwanangu? Huko nani atanitukana?" Kisha akasogeza pua, akampunja Dorika shubiri nzima, kama ndugu.