Goti la Kushoto

Pale kituo cha zimamoto walimwita Bwana Goti, na jina lilimkaa kwelikweli. Kila aliyetaka kazi ya kuzima moto alipita kwanza mikononi mwake: lala chali, kunja goti, naye anaushika muundi, mfupa ule wa chini ya goti, na kuuvuta kuelekea kwake, asikie kama goti limekaza au linacheza. Alikuwa mwepesi, mkali, hana simile. Na magoti yote aliyowahi kuyashika, mamia kwa mamia, yalikuwa ya wanaume watupu.

Siku moja akaja mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amewaacha wanaume hoi kwenye mbio za ngazi. Bwana Goti akauvuta muundi wa kulia, ukaja kidogo zaidi ya alivyozoea.

"Linacheza hili."

"Kaka, haliniumi. Wala sijawahi kuanguka."

"Usinifundishe kazi."

Akaandika: goti legevu, hafai. Halafu, jamani, akajisifu! Alizunguka ofisi nzima kifua mbele, eti yeye kazini hajui undugu. La kushoto hakuligusa. La nini, na mwenzie ameshaanguka?

Masikini, dada akaamini. Kaka mkubwa kasema, nani atatengua? Akaacha kukimbia, akajifunza cherehani, akapanga chumba cha chini ili asipande ngazi. Hata kizingiti alikivuka kwa kushika ukuta. Miaka kumi na tisa alilibembeleza goti lile kama yai.

Mwezi uliopita Bwana Goti akapelekwa kozi. Mwalimu akachagua watu wazima wa afya, wanawake kwa wanaume, akasema wapimwe. Ebo! Magoti mengi ya wanawake yalicheza zaidi kuliko ya wanaume, mengine yakinyooka hadi kupinda nyuma kidogo, na wenyewe wanacheka tu, hawaumwi popote.

"Wengi ndivyo walivyoumbwa," mwalimu akasema. "Usimpime mwanamke kwa goti la mwanamume. Linganisha lake la kulia na lake la kushoto."

Bwana Goti akaukumbuka muundi wa mdogo wake. Usiku hakulala, na alistahili.

Jumamosi akaenda kwa mdogo wake. Akasogeza vitambaa kitandani, akamlaza, akavuta la kulia, kisha la kushoto. Sawa kwa sawa.

"Magoti yako ni mazima, mdogo wangu. Hata siku ile yalikuwa mazima. Nilikosea. Nisamehe."

Dada akaketi, akayatazama magoti yake.

"Zimamoto wanachukua mtu wa miaka arobaini na mbili?"

"Hapana."

Akainuka, akatoka hadi kwenye ngazi za ghorofa, akazipanda mbilimbili, ukuta hakuugusa. Alipofika juu alikuwa anahema, machozi yanamtoka.

"Kaka," akaita, "kulipima na la kushoto kungekuchukua dakika ngapi?"

Bwana Goti alikuwa chini, ameshika ukuta yeye sasa.

"Hata moja haifiki," akasema.