Spika Nilizochagua Mimi

Leo mmeniuliza tena kwa nini siongei na shemeji Mutua.

Haya, mtajua.

Ilikuwa 1992. Spika za stereo yetu zilikuwa zimechoka, na bwanangu akamtuma huyu ndugu yake anisindikize dukani Kitui.

Nilibeba kaseti ya kwaya, ile marehemu mama mkwe anaimba. Spika kubwa za kung'aa zilinguruma tu. Lakini zile za mbao! Ni kama mama amesimama hapo dukani.

"Nataka hizi," nikasema.

Mutua akamwambia mwenye duka, "Funga zile kubwa. Huyu ni mtu wa jikoni, mziki hajui."

Na pesa ni zangu, za kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge!

Nikachukua za mbao. Akakataa hata kunisaidia kubeba.

Jumapili majirani wakaja kusikiliza. Bwanangu alilia aliposikia sauti ya mamake. Mutua naye akasimama, kifua mbele: "Hizo spika nilichagua mimi."

Nikazima stereo.

"Shemeji, waambie hawa watu vile uliniita kule dukani Kitui."

Alitoka akaacha chai yake mezani.

Mpaka leo anataka nimwombe msamaha.

Nyinyi mngeomba?